Kabla ya Kumeza Antibayotiki: Mwongozo kwa Kaya za Moshi

Mwezi Juni na Julai, baridi inaposhuka kutoka mlimani na mafua kuenea shuleni na majumbani, maduka ya dawa ya Moshi mjini husikia ombi lilelile tangu asubuhi hadi jioni: "Dada, naomba amoksilini za elfu moja." Anayeomba mara nyingi ni mzazi aliyekesha na mtoto anayekohoa, na hana nia nyingine ila kumwona mwanawe anapona. Hata hivyo ombi hilo lina makosa mawili makubwa ndani yake. Dawa imetajwa kabla ugonjwa haujajulikana, na kiasi chake kimepimwa kwa fedha iliyopo mfukoni badala ya kupimwa kwa uzito wa mgonjwa na idadi ya siku za matibabu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyaepuka makosa hayo, kwa sababu ndiyo yanayolea bakteria sugu katika nyumba zetu, na ndiyo ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyarekebisha leo bila kumsubiri mtu mwingine.

Ni vizuri kwanza kuelewa kinachotokea. Antibayotiki huua bakteria au huwazuia wasizaliane. Kwa virusi hazina kazi yoyote. Bakteria nao huzaliana upesi mno. E. coli, ambao huishi katika utumbo wa kila mmoja wetu, wakipata joto na chakula cha kutosha hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, kiasi kwamba bakteria mmoja akiachwa kwa saa 8 katika mazingira hayo anaweza kuwa na uzao wa zaidi ya milioni 16. Katika uzao mkubwa namna hiyo hutokea makosa madogo ya kunakili vinasaba, na baadhi ya makosa hayo humpa bakteria uwezo wa kuistahimili dawa: wapo wanaotengeneza kimeng'enya kinachoivunja penisilini kabla haijafanya kazi, wapo wanaoisukuma dawa nje ya seli, na wapo wanaoibadili ile sehemu ambayo dawa ingeishika. Dawa inapoingia mwilini huwaua walio dhaifu na kuwaachia nafasi yote wale walioistahimili. Tena bakteria hupeana vinasaba vya usugu wao kwa wao, hata wakiwa si wa aina moja, kwa hiyo usugu uliozaliwa kwa bakteria wa utumboni asiye na madhara unaweza kuhamia kwa yule anayeua.

Wengi husema kwamba mwili wa mgonjwa "umezoea dawa". Sivyo. Waliobadilika ni bakteria, na bakteria hao huhama kutoka kwa mtu hadi mtu kwa mikono, maji, chakula na kinyesi. Ndiyo maana mtoto mchanga ambaye hajaonja hata tone la dawa anaweza kuambukizwa bakteria ambaye tayari ni sugu kwa dawa kadhaa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilitolea onyo jambo hili mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel, akatoa mfano wa mume anayejitibu koo kwa dozi pungufu kisha kumwambukiza mkewe bakteria ambao penisilini haiwezi tena kuwaua. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet yalionyesha kwamba mwaka 2019 peke yake watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na maambukizi ya bakteria sugu, na kiwango cha juu zaidi kilikuwa katika Afrika kusini mwa Sahara.

Jua kwanza unachotibu

Katika eneo letu homa yoyote hupewa jina moja kati ya matatu: malaria, taifodi au UTI. Watafiti waliowachunguza wagonjwa wenye homa waliolazwa katika hospitali za KCMC na Mawenzi hapa Moshi mwaka 2007 na 2008 waligundua jambo ambalo kila mkazi wa Moshi anastahili kulijua. Kati ya wagonjwa 870, wagonjwa 528 walikuwa wameambiwa kwamba wana malaria, lakini waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14 tu. Wengine walikuwa na bakteria katika damu, wengine walikuwa na magonjwa yanayotoka kwa wanyama kama leptospirosisi, homa ya Q na brusela, na wengine walikuwa na virusi kama vya chikungunya. Hapa tunajifunza kwamba kuikisia homa ni hatari kwa pande zote mbili: aliye na bakteria katika damu hucheleweshwa kupata antibayotiki anayoihitaji, na mwenye virusi hubebeshwa antibayotiki ambayo haitamsaidia.

Tangu kipimo cha haraka cha malaria kienee, kosa la zamani limepungua, ila limezaa jingine. Kipimo kikionyesha kwamba hakuna malaria, watu huruka moja kwa moja kwenye antibayotiki, kana kwamba homa isiyo ya malaria ni lazima iwe ya bakteria. Ukipewa jibu la namna hiyo, muulize daktari au tabibu kwa heshima: "Kama si malaria, unadhani ni nini, na ni dalili gani imekuonyesha hivyo?" Swali hili halimvunjii mtu heshima, na mtaalamu mzuri hulifurahia.

Kuhusu taifodi, inafaa kusema waziwazi. Kipimo cha Widal, kile ambacho huchukuliwa damu kidogo na baada ya muda mfupi mgonjwa akaambiwa ana taifodi ya 1:80 au 1:160, hupima kingamwili, wala hakimwonyeshi bakteria mwenyewe. Kingamwili hizo zinaweza kubaki kutokana na ugonjwa wa zamani au kuamshwa na maambukizi mengine, kwa hiyo Widal peke yake haithibitishi taifodi. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara. Mtu anayetibiwa "taifodi" mara tatu au nne kwa mwaka kwa siprofloksasini, bila damu yake kuoteshwa hata mara moja, anapaswa kusimama na kuuliza kama amewahi kuwa na taifodi.

UTI nayo imekuwa jina la kila uchovu na kila maumivu ya kiuno. Maambukizi ya njia ya mkojo yana dalili zake: mchomo wakati wa kukojoa, kwenda haja ndogo mara kwa mara, maumivu chini ya kitovu, na yakipanda kwenye figo, homa pamoja na maumivu ya ubavuni. Mtu asiye na dalili hizo, aliyepimwa mkojo kwa sababu nyingine akaambiwa una bakteria, kwa kawaida hahitaji dawa. Mjamzito ni tofauti: yeye hutibiwa hata asipokuwa na dalili, kwa kuwa maambukizi hayo yanaweza kupanda kwenye figo na kusababisha uchungu kabla ya wakati.

Mafua, kikohozi kinachoambatana na mafua, na sehemu kubwa ya maumivu ya koo huletwa na virusi. Kohozi au kamasi kugeuka njano au kijani si ushahidi kwamba antibayotiki inahitajika. Kuharisha kwa watoto wadogo mara nyingi nako ni kwa virusi, na tiba yake ni maji yenye chumvichumvi, yaani ORS, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi 6 na kuendelea, na miligramu 10 kwa aliye chini ya umri huo. Kuhara damu ni jambo jingine, na mtoto huyo apelekwe kituo cha afya.

Anayehitaji uangalifu mkubwa ni mtoto mwenye kikohozi, kwa sababu nimonia inaua na inahitaji antibayotiki siku hiyohiyo. Kuitofautisha na mafua kunaweza kuanzia nyumbani. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya, fungua nguo zake, kisha hesabu pumzi kwa dakika nzima ukitazama saa ya simu. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5 akifikisha 40, huyo anapumua haraka kuliko kawaida na anapaswa kuonwa na mtaalamu bila kuchelewa. Ukiona pia sehemu ya chini ya kifua inabonyea kuingia ndani kila anapovuta hewa, safari ni ya hospitali. Mtoto anayekohoa lakini anapumua kawaida, anacheza na anakula, apewe vinywaji vya uvuguvugu, na asali kidogo kama ametimiza mwaka mmoja, huku mzazi akirudia kuhesabu pumzi zake asubuhi na jioni.

Dirishani pa duka la dawa

Kisheria antibayotiki ni dawa za cheti. Maduka ya dawa muhimu, yale tunayoyaona Pasua, Majengo, Kiborloni na hata vijijini Kibosho na Marangu, yameruhusiwa kuuza orodha fupi tu ya antibayotiki za msingi. Mwuzaji akikataa kukupa sindano ya seftriaksoni au akikuomba cheti, usimwone kuwa ana roho mbaya. Naomba tulitafakari jambo hili kwa dhati, kwa sababu mwuzaji anayefuata utaratibu hupoteza mteja, na mteja huyo huvuka barabara tu akauziwa na mwingine. Duka linalostahili kurudiwa ni lile ambalo mazungumzo yake yanakwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Naomba amoksilini, zile za rangi mbili."

"Anayeumwa ni nani, mama?"

"Mjukuu wangu. Ana miaka miwili, anakohoa tangu juzi."

"Pole mama. Anapumua vizuri? Anakula? Kilo ngapi?"

Bibi anayeulizwa kilo za mjukuu wake ametendewa haki, kwa kuwa dozi ya mtoto hukadiriwa kwa uzito au umri, na kapsuli ya mtu mzima iliyofunguliwa na kugawanywa kwa kijiko haiwezi kuwa dozi sahihi. Kwa nimonia isiyo kali, mtoto hupewa vidonge vya amoksilini vya miligramu 250 vinavyoyeyuka katika maji, mara mbili kwa siku kwa siku 5, idadi ya vidonge ikitegemea umri wake.

Ukishapewa dawa kwa cheti, usiondoke kabla ya kuisoma bahasha yake. Kwa kawaida huandikwa tarakimu kama 1×3 au 2×2: ya kwanza ni idadi ya vidonge kwa mara moja, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Kinachosahaulika mara nyingi ni idadi ya siku, nayo omba iandikwe. Kisha hesabu vidonge palepale kaunta. Dozi ya 1×3 kwa siku 5 ni vidonge 15, na kwa siku 7 ni vidonge 21. Ukikuta 10, hiyo si dozi. Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi, na kama dawa imefunguliwa kutoka kwenye kopo kubwa, omba uonyeshwe kopo lenyewe.

Fedha isipotosha, sema. Kununua nusu ya dozi ni kupoteza fedha yote, maana ugonjwa hurudi na safari hii huenda dawa ileile isifanye kazi. Uliza kama ipo dawa ya bei nafuu inayotibu ugonjwa huohuo. Mara nyingi ipo, na mara nyingi ndiyo iliyo bora kuanza nayo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liligawa antibayotiki katika makundi matatu: za kuanzia, za tahadhari na za akiba. Amoksilini ipo kundi la kwanza. Seftriaksoni, siprofloksasini na azithromaisini zipo kundi la tahadhari, kwa kuwa bakteria huzijengea usugu kwa urahisi zaidi. Za akiba, kama kolistini na linezolidi, zimewekwa kwa ajili ya wagonjwa ambao dawa nyingine zimeshindwa. Kwa hiyo mtu anayeomba "dawa kali, sindano ya kumaliza haraka" kwa sababu ya kikohozi anaomba kutumia mapema kitu ambacho mwenzake aliye mahututi atakihitaji. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 na kwa mjamzito, ni busara kuanzia kituo cha umma, kwa kuwa sera ya msamaha wa matibabu inawahusu.

Kumeza kwenyewe

Mara tatu kwa siku maana yake ni kila baada ya saa 8. Ratiba inayofaa kwa kaya nyingi ni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Anayemeza asubuhi, mchana na saa 12 jioni huuacha mwili wake usiku kucha dawa ikiwa imepungua, na hizo ndizo saa ambazo bakteria waliobaki hupata nafasi. Tumia kengele ya simu. Kwa mzee asiye na simu, mtoto mmoja wa nyumbani apewe kazi hiyo.

Tumia dawa kwa siku zote ulizoandikiwa, hata ukijisikia nafuu siku ya tatu. Pia usiziongeze kwa hiari yako. Wengi hudhani siku nyingi zaidi ni usalama zaidi, lakini kila siku ya ziada huwaua bakteria wema wa utumboni na kuwapa wale sugu uwanja mpana.

Siprofloksasini na dawa za jamii ya tetrasaiklini haziendi pamoja na maziwa, mtindi, vidonge vya madini ya chuma wala dawa za kiungulia, kwa sababu madini yaliyomo huikamata dawa tumboni isiingie katika damu. Tenganisha kwa saa 2 au zaidi. Anayetumia metronidazo, ambayo wengi huijua kwa jina la Flagyl, aiache pombe, mbege ikiwemo, hadi dawa iishe mwilini. Dawa ya maji ya watoto ichanganywe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, hadi kwenye alama ya chupa, na itikiswe kila mara kabla ya kupimwa. Ikishachanganywa hukaa siku 7 hadi 14 tu kadiri lebo inavyoeleza, kisha humwagwa. Vipele vya ghafla, midomo au uso kuvimba, au kubanwa pumzi baada ya kumeza ni dalili za mzio: acha dawa, nenda hospitali mara moja, na baadaye jina la dawa hiyo liandikwe kwenye daftari la kliniki.

Vidonge vilivyobaki visiwekwe kabatini kwa ajili ya homa ijayo, wala jirani asigawiwe. Visitupwe chooni wala kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji, unaoshuka kwa majirani. Virudishwe duka la dawa au kituo cha afya na uulize namna wanavyoviteketeza.

Dawa ikishindwa

Ukimeza dawa kwa usahihi na baada ya siku mbili hadi tatu huoni nafuu, rudi kituoni. Usibadilishe dawa mwenyewe. Kila dawa mpya inayojaribiwa kwa kubahatisha huwachuja bakteria zaidi, na wale wanaobaki ndio wanaozaa kile ambacho mitaani huitwa "UTI sugu".

Hapa kipimo cha kuotesha ndicho chenye thamani. Sampuli ya mkojo, damu, usaha au kohozi huwekwa katika chakula cha bakteria maabara, bakteria wakaota, kisha hujaribiwa mbele ya dawa mbalimbali ili ijulikane ipi inawaua. KCMC wana maabara inayofanya kazi hiyo. Ukitibiwa kwingine, uliza sampuli hupelekwa wapi. Majibu huchukua siku mbili hadi tatu au zaidi, na wengi hukata tamaa hapo. Daktari anaweza kukuanzishia dawa huku mkisubiri, ilimradi sampuli ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza.

Mkojo wa kuotesha unahitaji uangalifu, la sivyo kipimo huonyesha bakteria wa ngozi. Nawa mikono, safisha sehemu za siri kwa maji safi, kojoa kidogo chooni kwanza, kisha kinga mkojo wa katikati katika kopo la maabara bila kugusa ndani ya kopo wala mfuniko, na umalizie chooni. Peleka kopo maabara mara moja. Mkojo uliokaa saa kadhaa kwenye mkoba ndani ya daladala hautoi jibu la kweli.

Karatasi ya majibu ina majina ya dawa, na mbele ya kila jina ipo herufi. S humaanisha kwamba dawa inamuua bakteria huyo, R humaanisha kwamba bakteria ni sugu kwake, na I huachwa kwa uamuzi wa daktari, kwa kuwa wakati mwingine dawa hiyo hufaa kwa dozi kubwa zaidi. Ipige picha karatasi hiyo na uihifadhi, maana mwaka ujao ukiugua tena, daktari mwingine ataanzia hapo badala ya kuanza upya.

Kifua kikuu

Ugonjwa huu unaonyesha kwa uchungu mkubwa kile ambacho usugu unaweza kumfanyia mtu. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu ni ya miezi 6: dawa nne kwa miezi 2 ya kwanza, kisha dawa mbili kwa miezi 4. Mgonjwa hupata nguvu mapema, kikohozi hukauka, uzito hurudi, naye huona hana haja ya kuendelea. Bakteria wachache waliojificha humsubiri aache, na wakirudi wanaweza kuwa hawasikii tena rifampisini wala isoniazidi. Hospitali ya Kibong'oto, iliyopo wilayani Siha, ilianza kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu sugu mwaka 2009. Kwa miaka mingi tiba hiyo ilidumu miezi 18 hadi 24, pamoja na miezi ya sindano za kila siku ambazo ziliwaharibu baadhi ya wagonjwa usikivu wa masikio. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza tiba ya vidonge ya miezi 6 kwa wengi wao, lakini ni tiba nzito, na hata hizo dawa mpya zinaweza kupotezwa kwa njia ileile.

Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe makohozi, hasa kama amefanya kazi katika vumbi la machimbo kama ya Mirerani au ameishi na mgonjwa. Kipimo na dawa ni bure. Ndugu wa mgonjwa wana kazi kubwa hapa kuliko wanavyodhani: mtu mmoja wa nyumbani amwone akimeza kila siku na kutia alama kwenye kadi, hadi siku ya mwisho.

Bandani na shambani

Katika kihamba, nyumba, banda la ng'ombe, kuku na migomba vimekaa pamoja, na bakteria hawajui mpaka kati yao. Oksitetrasaiklini na penisilini za mifugo huuzwa maduka ya pembejeo, na wafugaji wengi huchoma sindano wenyewe kwa makadirio ya macho. Mwite afisa mifugo wa kata kwanza. Kama ni lazima uchome, pima uzito wa mnyama kwa utepe wa kifuani na ufuate dozi na siku zilizoandikwa, kwa sababu dozi pungufu kwa ng'ombe huzaa usugu sawasawa na dozi pungufu kwa binadamu.

Kila dawa ya mifugo ina siku za kusubiri, zilizoandikwa kwenye lebo, ambazo maziwa, nyama au mayai hayapaswi kuliwa wala kuuzwa. Siku hizo za kusubiri hazifuatwi, kwa sababu maziwa ni ada ya shule na sukari ya nyumbani. Ninaelewa ugumu huo. Lakini kuchemsha maziwa hakuondoi mabaki ya dawa kwa uhakika, na watoto wanaoyanywa hupata dozi ndogondogo ya antibayotiki kila asubuhi. Watengeneza mtindi wanaijua dalili moja: maziwa yenye mabaki mengi ya dawa hugoma kuganda, kwa kuwa dawa imewaua hata bakteria wa mtindi. Andika tarehe ya sindano kwa chaki kwenye nguzo ya banda, pamoja na tarehe ambayo maziwa yataruhusiwa, ili kila anayekamua aione. Ng'ombe anayetibiwa akamuliwe mwisho, na maziwa yake asipewe ndama.

Ugonjwa wa kiwele, ambao ndio chanzo cha sindano nyingi, hupungua sana kwa usafi. Nawa mikono, osha na kukausha chuchu kwa kitambaa safi cha kila ng'ombe, na mikamuo ya mwanzo ielekezwe kwenye kikombe cheusi ili mabonge yaonekane mapema.

Kwa kuku, jambo moja lingeokoa dawa nyingi: kideri ni ugonjwa wa virusi. Kapsuli za binadamu zinazofunguliwa na kumwagwa katika maji ya kuku hazimponyi kuku wa kideri hata mmoja. Chanjo ya tone moja la jicho kila baada ya miezi 3 ndiyo kinga. Kwa kuku wa nyama, usichanganye antibayotiki katika maji tangu siku ya kwanza "kwa kinga". Wekeza katika joto la vifaranga, matandiko makavu na chanjo za ratiba. Samadi irundikwe ioze vizuri kabla ya kupelekwa kwenye bustani ya mboga.

Kila maambukizi yanayozuiwa ni dozi moja isiyohitajika. Chanjo ya nimokoka, inayokinga nimonia, na ya rota, inayokinga kuharisha, zipo kliniki tangu mwaka 2013, zikamilishwe. Maji ya mfongo na ya mto yachemshwe kabla ya kunywewa, kachumbari ioshwe kwa maji salama, na anayekwenda kumwona mgonjwa wodini anawe mikono anapoingia na anapotoka, wala asikae juu ya kitanda cha mgonjwa.

Wakati wa kutosubiri

Hakuna lolote kati ya haya linalopaswa kumchelewesha mgonjwa mahututi. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na hazinduki vizuri. Mtu mzima mwenye homa anayepumua haraka, aliyechanganyikiwa au ambaye mkojo wake umepungua sana. Mama aliyejifungua karibuni mwenye homa au uchafu wenye harufu mbaya: hawa wanahitaji hospitali sasa hivi, na huenda wakahitaji antibayotiki ndani ya saa moja. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 2 mwenye homa, aliyepoa mwili au anayekataa kunyonya apelekwe usiku huohuo bila kungoja kupambazuke, na anayempeleka abebe kadi ya kliniki pamoja na chupa au bahasha ya dawa yoyote ambayo mtoto ameshapewa.